Ngazi Yangu na Rangi Yao

Jumanne, 4 Machi

Mkaguzi wa majengo kaja leo. Binti wa miaka thelathini, kama amefika. Kofia ngumu ya plastiki kichwani — sebuleni kwangu, kana kwamba dari itamwangukia. Dari niliyoipiga mimi, na ambayo haijawahi kumwangukia hata mbu.

Sababu ya ujio: mke wangu anataka kufungua kituo cha kulelea watoto wadogo huku juu. Watoto kumi na wawili, wa miaka mitatu hadi mitano. Vyumba viwili vya juu vimekaa bure tangu mabinti waolewe. Sina neno na watoto. Wapige kelele watakavyo, mimi nitakuwa uani, karakanani, na randa yangu.

Lakini ngazi! Alisimama chini yake akaitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Akauliza kama kuna njia nyingine ya kushuka kutoka juu. Hakuna. Basi, akasema, kama njia ni hii moja na yote ni mbao, kanuni za ujenzi zinataka ipakwe rangi ya kuzuia moto. Tena si rangi yoyote, bali yenye cheti. Ipakwe mara tatu. Juu, chini, ubavuni, mpaka reli.

Nilimweleza kwa lugha nyepesi, kwa faida yake. Mbao hii ni ngumu, nyekundu mpaka ndani, haishiki moto ovyo. Akanijibu kwa upole ule wa ofisini: "Mzee wangu, mbao zote hushika moto. Tofauti ni dakika tu."

Halafu akaandika. Wanaandika sana hawa. Ngazi nimeichonga miezi saba, mke wangu akiwa na mimba ya binti wa kwanza. Vidato kumi na sita. Huoni msumari hata mmoja. Na mtu ambaye hawezi kuchonga penseli kwa kisu ananifundisha mbao.

Alhamisi, 6 Machi

Dukani. Muuzaji nimembatiza Profesa wa Makopo. Kaniweka dakika arobaini kunisomea karatasi ambayo ningeweza kuisoma mwenyewe. Eti rangi hii ikipata joto huvimba, hutoa povu, povu hugeuka ganda zito, na moto hukaa nje ya ganda huku mbao ikikaa ndani salama. Alipofika kwenye kuvimba alifumbata viganja, akavipanua polepole, mashavu yakajaa upepo. Mtu mzima.

Nikauliza kama haipo isiyo na rangi, ya kuacha mbao ionekane. Ipo, lakini huagizwa. Wiki kumi. Iliyopo ni nyeupe. Nyeupe kama bafu la hospitali.

Nilimwambia mke wangu tungoje wiki kumi. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua uso.

"Nimengoja miaka ishirini na miwili," akasema. "Nikifuta pua za watoto kwenye vituo vya watu. Wazazi tisa wameshaandikisha. Siwezi kuwaambia wangoje kwa sababu ya rangi."

Nikasema si rangi, ni ngazi.

"Ni ngazi, mzee wangu. Si mtoto wako."

Mwanamke amepanda na kushuka ngazi hii miaka thelathini na moja na bado anafikiri ni kitu cha kupandia.

Makopo sita yameletwa. Kila moja lina namba, na namba hizo lazima zifanane na za kwenye cheti, na makopo matupu yatunzwe mkaguzi ayaone. Rangi yenye kitambulisho. Imebaki kupewa haki ya kupiga kura.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kaja kusaidia. Mdogo wake mke wangu. Mimi humwita Najua, kwa kuwa hakuna sentensi yake isiyoanza hivyo. "Najua hawa wakaguzi," akasema, amekaa juu ya kopo, hajabeba hata moja. "Wao huhesabu makopo matupu tu. Wewe paka kidogo, ionekane imepakwa, kwisha habari."

Huyu alianza kujenga nyumba yake mwaka binti yetu wa pili anazaliwa. Mpaka leo inaota nyasi sebuleni. Nikamwambia mimi sifanyi kazi nusu. Akacheka, akala, akaondoka.

Jumatatu, 10 Machi

Mke wangu kaondoka asubuhi kwenda kwenye mafunzo ya siku tatu, atalala hukohuko. Huduma ya kwanza kwa watoto. Watawafundisha mtoto akipaliwa wafanyeje, akiungua wafanyeje. Kajinunulia daftari jipya na kalamu mbili. Mlangoni alisimama kama mwanafunzi siku ya kwanza, akaniambia: "Naiacha kazi mikononi mwako. Nina bahati fundi yuko nyumbani."

Nimeanzia chini ya ngazi, kwenye kabati la mafagio, pasipoonekana na mtu. Nimefuata karatasi yao neno kwa neno. Kuna kichana kidogo cha chuma unakichomeka kwenye rangi mbichi, meno yanakuonyesha unene. Vipimo vinaandikwa kwenye fomu. Sawa. Nimepaka mara mbili, nimepima, nimeandika.

Rangi hii ni uji. Nzito, haiteremki, inaacha nyuzi za brashi. Fundi wa rangi mwenye kujiheshimu asingeipaka hata kwenye banda la kuku.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nimemaliza upande wa chini, mara ya tatu. Unapendeza kama jino bandia.

Kisha nikageukia juu. Nikapaka kidato cha kwanza. Mishipa ya mti ikapotea mbele ya macho yangu. Ile mishipa ninayoijua kuliko mistari ya kiganja changu — kidato cha tatu kina jicho la tawi, cha tisa mishipa inakwenda kama maji yanayozunguka jiwe. Nikachukua kitambaa nikafuta, rangi ikiwa bado mbichi. Ikabaki utando mwembamba, kama chai iliyotiwa maziwa kidogo. Mbao ikaonekana.

Nikafanya hivyo vidato vyote kumi na sita. Na nguzo. Na reli. Mara moja, kisha kitambaa. Mchana ilipokauka nikapitisha vanishi yangu ya zamani juu, ile ya mafuta ninayoichanganya mwenyewe. Karatasi yao inakataza kupaka kitu kingine juu. Karatasi yao imeandikwa na watu wanaotengeneza milango ya maboksi.

Makopo matatu yalikuwa bado yamejaa. Nimeyamimina kwenye ndoo ya zamani ya gundi, nimeifunika, nimeisukuma nyuma ya mbao karakanani. Sasa kuna makopo sita matupu, yamepangwa kwa namba zake.

Nimetambua jioni, nikinawa mikono, kwamba nimefuata ushauri wa Najua. Chakula hakikunipendeza.

Jumatano, 12 Machi

Nimejaza fomu. Nafasi ya vipimo vya juu ilikuwa wazi, nikaandika vilevile nilivyopata kabatini. Hapa na pale nikapunguza kidogo, nikaongeza kidogo, visifanane sana. Hata uongo unahitaji mkono wa fundi.

Mke wangu karudi alasiri. Aliingia, akaweka mkoba chini, akasimama.

"Nilijua nitakuta nyeupe," akasema.

Nikamwambia ni nyeupe. Iko chini, mara tatu. Mishipa ile nimeichora juu yake kwa rangi ileile, nimetia kahawia kidogo. Maneno yalitoka kwa ulaini wa ajabu, kana kwamba nilikuwa nimeyafanyia mazoezi.

Akapanda mpaka kidato cha tisa, akachuchumaa, akapitisha kidole. "Umeirudisha vilevile," akasema. Macho yalikuwa na maji. "Na mimi nilikuambia si mtoto wako."

Kisha akaketi mezani akasaini. Mwenye kituo ndiye anayesaini kwamba kazi imefanyika kwa mujibu wa maelekezo. Anasaini kwa herufi zilizosimama wima, polepole, kama mtu anayeshona kifungo.

Ijumaa, 14 Machi

Mke wangu katoka kwenda kununua viti vidogo. Nikaamua leo nimalize ubishi. Si kwamba nilikuwa na wasiwasi. Nilitaka kujionea tu uchawi wa Profesa, niwe na cha kuchekea.

Nilikuwa na masalio ya mbao ileile ya ngazi. Nikakata vipande vitatu, unene mmoja. Cha kwanza nikakiacha kitupu. Cha pili kama ngazi ilivyo: mara moja, kitambaa, vanishi. Cha tatu nilikuwa nimekipaka tangu Jumanne, mara tatu, rangi ya ndooni, kwa kichana na kila kitu. Nilikipaka kwa nini? Sijui. Nilikipaka tu.

Uani, juu ya matofali, saa mkononi, na ule mtungi mdogo wa gesi wa kubabulia rangi za zamani.

Kitupu: kilifuka moshi, kikapata weusi, ndimi zikashika baada ya muda. Kama nilivyosema. Mbao ngumu.

Cha pili, changu — nilidhani kitakaa katikati. Hakikukaa katikati. Kiliwaka kabla ya kile kitupu. Vanishi ilishika kama taa ya mafuta, mwali ukatambaa kutoka ncha hii mpaka ile bila kusubiri niisogeze gesi. Nilikuwa bado natazama saa. Ule utando wa chini ulijaribu kuvimba, ukatoa vipele viwili vitatu, ukachoka. Nikakipiga teke kikaangukia mchangani.

Cha tatu kikavimba. Kweli kabisa. Polepole, kama unga uliotiwa hamira, kikafura, kikajenga ganda jeusi nene kama kidole changu. Nikakiunguza mpaka mtungi ukaisha gesi. Nikasubiri kipoe. Nikalikwangua ganda kwa patasi. Chini yake mbao ilikuwa ya kahawia kidogo, kama mkate. Mishipa ilionekana yote.

Nimevifukia vipande vyote vitatu nyuma ya tangi la maji. Mke wangu alipofika akauliza harufu ni ya nini. Nikasema nimechoma takataka.

Jumamosi, 15 Machi

Hakuna la kuandika. Viti vimefika, kumi na viwili. Vinanifika chini ya goti. Gundi imetapakaa kwenye viungo, kazi ya kihuni. Nimevikaza vyote.

Jumanne, 18 Machi

Mkaguzi karudi. Nilimngoja tangu asubuhi, na lazima niandike ukweli kwa kuwa hakuna mwingine atakayesoma: nilitaka anikamate. Niliilaza fomu mezani. Niliweka makopo pale pale mlangoni. Kama kuna mtu duniani kazi yake ni kunikamata, ni huyu. Analipwa kwa hilo.

Aliyahesabu makopo. Sita. Akalinganisha namba na cheti, moja moja, kwa ncha ya kalamu. Akapiga magoti kabatini kwenye mafagio, akatoa kisu chembamba, akakwangua upande wa chini. Akaangalia tabaka kwa kioo cha kukuzia. Tatu. Akaandika.

Kisha akatoka kabatini, akasimama mbele ya ngazi, kisu bado mkononi.

"Na hii mishipa?" akauliza.

"Nimeichora," nikasema. "Rangi ileile, na kahawia."

Akainama. Akatazama kidato cha tatu, lile jicho la tawi, muda mrefu. Mti ule ulikaa msituni miaka themanini kulitengeneza jicho lile. Na mimi nimesimama hapo, katika nyumba yangu, nikisema nimelichora kwa brashi.

"Marehemu baba alikuwa seremala," akasema. "Angekaa hapa siku nzima." Akavua ile kofia yake. Akapitisha kiganja chini ya reli, pale ambapo mtu asiyejua hapashiki, kuona kama pamepigwa msasa. Pamepigwa. "Siwezi kuikwangua kazi kama hii, mzee wangu. Huku juu mara tatu pia?"

"Mara tatu."

Kisu kikarudi mkobani.

Mjinga. Hakuna neno jingine. Serikali inampa kisu na kioo cha kukuzia, na yeye anaenda kuniamini mimi. Mke wangu alimshika mikono yote miwili, wakacheka kama watu waliosoma darasa moja. Nikaenda karakanani kutafuta kitu ambacho sikuwa nimekipoteza.

Alhamisi, 20 Machi

Kibali kimefika. Kina muhuri. Mke wangu amekitia kwenye fremu — niliitengeneza mimi, mbao ya masalio, aliniomba. Amekitundika karibu na mlango. Jina lake liko chini, kwa mashine.

Najua kapita kupongeza. "Najua nilikuambia," akasema, akanikonyeza mbele ya dada yake. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau kwa dakika ile moja. Kisha nikaona kuwa yeye alitoa ushauri tu. Mtu aliyepaka ni mwingine. Mtu aliyeona kipande kikiwaka, akafukia, akapokea hongera, ni mwingine. Najua angalau hakuona.

Jumamosi, 22 Machi

Mke wangu na wanawake wawili watakaomsaidia wako juu tangu asubuhi. Wanabandika picha za wanyama. Simba ana uso wa mkaguzi.

Nimepiga hesabu ya kazi. Kuondoa vanishi yote kwa msasa, siku mbili. Kupaka mara tatu na kungoja ikauke kila mara, siku tatu. Wakati huo hakuna mtu kupita. Rangi ipo. Haihitaji hata kununuliwa.

Mchana nilimkuta peke yake jikoni. Nikamwambia ngazi inahitaji kurudiwa. Akaweka mkono begani kwangu.

"Nakuona unavyoipapasa kila siku," akasema. "Hujaipenda hiyo michoro. Mimi naipenda. Iache, mzee wangu. Imeshapita."

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema kuna vidato vinateleza kidogo. Akasema atatandika mkeka.

Nimewacheka wakaguzi, wauzaji, shemeji, maana mdomo wangu haujawahi kukosa neno. Leo lilitakiwa moja tu.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Sikutoka.

Jumatatu, 24 Machi

Naandikia kwenye ngazi, kwa penseli ya karakanani. Mwandiko mbaya.

Watoto walitakiwa kufika saa mbili. Saa moja na nusu mke wangu alikuwa langoni na nguo yake mpya, akiwapokea wazazi. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kubeba mikoba. Akaingia wa kwanza, msichana wa miaka mitatu, ana mafua, kashika kiatu kimoja mkononi. Hakumngoja mtu. Akashika nguzo yangu akaanza kupanda, mguu mmoja, kisha wa pili juu ya kidato kilekile, kisha tena mguu mmoja. Kila kidato anapumzika. Nikahesabu muda. Sikukusudia. Mkono wenyewe uligeuka, nikatazama saa.

Alipofika kidato cha nne nilimnyanyua nikamrudisha chini. Hakulia. Alinitazama tu, kiatu mkononi.

Kisha nikapanda mpaka kidato cha tisa nikaketi. Ngazi si pana. Mtu wa mwili wangu akikaa katikati, hapapitiki. Nilikuwa na msasa mfukoni, nikaanza kukwangua kile kidato kilichokuwa miguuni pangu. Vanishi ilitoka unga wa njano.

Mke wangu akaja na watoto watatu na mama mmoja mwenye mkoba mkubwa. Akatabasamu kwanza, kwa ajili ya mgeni. "Mzee wangu, watoto wapite."

Nikasema hapapitiki.

"Kuna nini?"

Nikasema ngazi haijapakwa.

Yule mama akacheka, akidhani ni utani wa wazee. Mke wangu hakucheka. Alitazama unga wa njano kwenye viatu vyangu, na mbao iliyokuwa inajitokeza chini ya msasa, nyekundu, na mishipa yake yote, isiyochorwa na mtu. Halafu akageuka kutazama ukuta wa mlangoni, kwenye ile fremu.

Akawageuza watoto taratibu, mabega yao mikononi mwake. Akawaambia leo tunaanza na michezo ya nje. Sauti ya kawaida kabisa. Kwangu akasema, bila kupandisha: "Nawatoa hawa uani. Nikirudi uwe umeondoka hapo, au uwe na maneno mengine."

Sasa nasikia wanaimba huko nje. Wamefika wengi, nadhani karibu wote. Kuna mzazi anauliza saa ngapi aje kuchukua. Mke wangu anamjibu kwa ukarimu.

Nimejaribu kutafuta maneno mengine. Hakuna. Kuna yale yale, ila marefu zaidi, na yana Ijumaa ndani yake, na kipande cha pili.

Kidato hiki kimebaki kitupu nusu. Msasa umeisha makali, nimeugeuza.

Kuimba kumeendelea bila sauti yake. Mlango wa nyuma umefunguliwa. Viatu vyake vipya vinalia sakafuni, havikimbii. Vimefika kidato cha kwanza.

Sijaondoka.